Gari la Zamani: Pima Kwanza, Spea Baadaye

Barua za safari hii karibu zote zina mwenendo mmoja: gari lina tatizo moja, mafundi watatu wametoa majibu matatu, na spea mbili zimeshanunuliwa huku tatizo likiwa palepale. Tumeanza na yale yanayoweza kuua injini. Vipimo tulivyotaja ni vya Toyota kwa kuwa ndizo mlizoandikia. Mwenye Nissan au Honda afuate njia hiyohiyo ya uchunguzi, lakini namba azitoe kwenye kitabu cha gari lake.

Linachemsha kwenye foleni tu

*Mafundi, habari za kazi. Nina IST ya 2004, cc 1300. Nikikwama kwenye foleni barabara ya Mandela linachemsha, nikipata njia nikakimbia kidogo linatulia. Fundi wa kwanza alitoa thamostati akasema nchi ya joto haiihitaji. Wa pili anasema hedi imepinda na anataka kuifungua. Nianzie wapi? (Dada wa Tabata, Dar es Salaam)*

Dada, hedi isifunguliwe kwanza. Gari linalochemsha likiwa limesimama na kupoa likikimbia limekosa upepo kwenye rejeta. Ukiwa kwenye mwendo upepo unaingia wenyewe, lakini kwenye foleni kazi yote ni ya feni. Kama shida ingekuwa maji kutozunguka, yaani rejeta imeziba ndani au pampu ya maji imekwisha, gari lingeanza kukusumbua kwenye mlima na mwendo mkali.

Washa injini, kisha washa AC. Feni inatakiwa izunguke papo hapo au ndani ya sekunde chache. Zima AC, acha injini iendelee kwa sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta. Joto likikaribia nyuzi 95 feni iwake yenyewe, ipooze, izime, irudie. Isipowaka kabisa, chomoa soketi ya mota ya feni uipe umeme wa betri moja kwa moja kwa nyaya mbili. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na ubovu uko kwenye fyuzi, rilei au sensa ya joto. Rilei haihitaji hata kifaa: kwenye boksi la fyuzi mara nyingi kuna nyingine yenye namba ileile, badilishana nayo uone. Mota ikizunguka kwa kujivuta, au ikataka kusukumwa na kijiti ndipo ianze, kaboni zake zimekwisha.

Lipo kosa jingine ambalo wengi hawalioni. Mota ya mtumba imefungwa, nyaya zikageuzwa. Feni inazunguka, tena kwa kelele, lakini inasukuma upepo mbele badala ya kuuvuta kuelekea injini. Shika karatasi mbele ya grili wakati feni inafanya kazi. Karatasi inatakiwa ing'ang'anie pale.

Feni ikiwa nzima, chungulia kati ya rejeta na kondensa ya AC. Vumbi, majani na mifuko ya nailoni hujazana pale katikati na kwa mbele huoni kitu. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu hulaza mapezi ya rejeta yote, na hapo utakuwa umeongeza tatizo.

Kisha mfuniko wa rejeta. Juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, na hiyo ndiyo presha unayotakiwa kushikilia. Kwa presha hiyo maji hayachemki kwa nyuzi 100, yanafika karibu 120. Mpira wa mfuniko ukikauka, maji yanachemka mapema, yanakimbilia kwenye chupa ya akiba na hayarudi. Ukikuta asubuhi hozi ya juu imebonyea kama imenyonywa, kivalvu kidogo cha katikati ya mfuniko kimeganda. Nunua mfuniko wenye namba ileile, usipandishe presha ukidhani unaboresha.

Sasa thamostati, kivalvu kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Irudishwe. Kwenye injini yako inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Bila hiyo injini ukiwa safarini inabaki ya baridi, kompyuta inaamini bado inapashwa moto na inaendelea kumwaga mafuta ya ziada, oili nayo inachakaa upesi. Tena kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato ambayo maji hupita bila kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Kwa hiyo kuitoa kunaweza kuongeza kuchemsha kwenye foleni yako. Ya kwako ya zamani, kama ipo, itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto yenye kipimajoto. Ikifika nyuzi 95 iwe imefunguka angalau milimita 8.5. Ikishindwa, nunua mpya.

Ya hedi yana vipimo vyake, fundi asikuambie kwa macho. Injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua mfuniko, jaza maji, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Mapovu yasiyokoma, hozi ya juu kuwa ngumu kabla injini haijapata moto, maji kupungua bila tone chini, au ute wa rangi ya chai ya maziwa kwenye stiki ya oili, ndizo dalili za gasketi ya hedi iliyoharibika. Gereji nzuri ina kifaa chenye dawa ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Moshi wa injini ukiwa unaingia kwenye maji, dawa inageuka njano. Hata hapo, hedi ikifunguliwa simama uone ikipimwa kwa rula iliyonyooka na filagegi: ikizidi milimita 0.05 ipelekwe kwenye mashine ya kusawazisha. Boliti zinakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, Nm 29 kwanza (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha kila moja izungushwe nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Fundi asiye na toki renchi asiguse kazi hii.

Na maji ya kisima acha. Maji mengi ya visima vya Dar yana chumvi, na chumvi inakula alumini ya rejeta, pampu na hedi. Tumia kulanti iliyokwisha kuchanganywa, au ya kuchanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ya betri, hayahaya yasiyo na asidi. Dawa za unga za kuziba matundu zinaziba pia mirija ya rejeta. Ukimaliza kujaza, washa hita kwenye moto wa mwisho, acha mfuniko wazi, injini iende mpaka feni iwake mara mbili huku ukiminya hozi kutoa hewa na kuongeza kulanti. Hayo yafanyike kuanzia injini ya baridi tu. Mfuniko wa rejeta yenye moto haufunguliwi kwa kitambaa wala kwa haraka.

Allion inakula oili

*Shikamooni wakubwa. Allion yangu ya 2003, cc 1800, inataka karibu lita ya oili kila nikienda Morogoro hadi Dar mara mbili tatu. Moshi wa bluu hauonekani sana. Fundi anasema nifunge injini ya mtumba kutoka Japani, mwingine kanishauri oili nzito. (Msomaji, Morogoro)*

Marahaba. Injini ya gari lako ni 1ZZ-FE, na za miaka ile ya mwanzo zina ugonjwa unaojulikana. Matundu ya kurudishia oili yaliyo nyuma ya ringi ya tatu ya pistoni ni madogo. Oili ikichelewa kubadilishwa, masizi yanayaziba, ringi inaganda kwenye mfereji wake, na oili inabaki ukutani mwa silinda inaungua. Toyota baadaye ilibadilisha pistoni zikawa na matundu bora zaidi.

Kabla ya kukata tamaa, hakikisha kwanza kwamba oili inaungua kweli. Osha injini, tembea siku mbili, kisha mulika kwa tochi: kava ya valvu, sehemu ya tenshena ya cheni, sili ya kranki upande wa mkanda na ule wa gia boksi. Uvujaji unaoruka kwenye eksozi ya moto unakauka na hauachi tone sakafuni. Chomoa valvu ya PCV iliyo kwenye kava, ile inayorudisha mvuke wa injini kwenye manifoldi. Ukipuliza upande wa injini hewa ipite, ukipuliza upande wa manifoldi iwe ngumu kupita. Ikipita pande zote, au isipopita kokote, badilisha. Ni spea ndogo kuliko zote kwenye orodha hii na mara kwa mara ndiyo yenye kosa.

Kisha angalia moshi unatoka lini. Ukitoka asubuhi kwa sekunde chache tu unapowasha, au baada ya kushuka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta kisha ukakanyaga, fikiria valvu sili. Hizo zinabadilishwa bila kufungua hedi kama fundi ana kifaa cha kujaza hewa kwenye silinda. Ukitoka unapovuta mlima, ni ringi.

Watu wengi wanadanganyika kwenye kipimo cha kompresheni. Kwa 1ZZ kompresheni nzuri ni kama psi 189, chini ya 145 ni mbovu, na silinda zisitofautiane zaidi ya psi 15. Fundi anapima, anakuta 180 kote, anatangaza kwamba ringi ni nzima. Lakini kompresheni inashikiliwa na ringi mbili za juu. Ya tatu, ile ya oili, inaweza kuwa imeganda kabisa na kipimo kisionyeshe kitu. Kwa injini hii kompresheni nzuri inakuambia tu kwamba ukuta wa silinda haujaliwa, na hiyo ni habari njema, kwa sababu maana yake pistoni mpya na ringi mpya zitatosha bila kutoboa bloku.

Jaribio la bei nafuu kabla ya kufungua: toa plagi zote wakati injini ina uvuguvugu, zungusha kranki kwa spana mpaka pistoni zote zikae usawa wa katikati, mimina dawa ya kuyeyusha masizi kama mililita 30 hadi 40 kwa kila silinda, uache usiku kucha. Asubuhi chomoa soketi za koili na za nozeli, funika matundu ya plagi kwa matambara, piga stata mpaka dawa yote iruke nje. Usirudishe plagi na kuwasha kabla ya hapo, kimiminika kilichobaki kinaweza kukunja koneti. Kisha mwaga oili yote na filta, weka mpya. Wengine ulaji unashuka nusu, wengine haubadiliki. Usipoona tofauti kwa kilomita 1,000, dawa nyingine haitasaidia.

Injini ya mtumba ya miaka ileile inakuja na ugonjwa uleule, na kilomita zake huzijui. Tungeweka fedha kwenye pistoni za aina mpya na ringi zake, gasketi kamili na valvu sili, kwa fundi mwenye vipimo. Oili nzito ya 20W-50 inapunguza ulaji kidogo, hilo ni kweli, lakini asubuhi inachelewa kufika kwenye cheni na kwenye VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, ambao vijitundu vyake vidogo vinataka oili nyepesi. Kaa kwenye 5W-30, ukipenda 10W-40 kwa injini iliyochoka. Mpaka utakapofungua, pima stiki kila unapojaza mafuta. Taa nyekundu ya oili haihesabu kiasi, inahesabu presha. Ikiwaka, besi zimeshakaa bila oili.

Gia boksi la otomatiki: kumwaga au kutogusa?

*Salamu kutoka Mombasa. Fielder yangu, nikiweka D asubuhi inakaa sekunde mbili ndipo ivute. Wengine wanasema nibadilishe ATF, wengine wanasema nikibadilisha ndiyo itakufa kabisa.*

Ndugu, kwanza tujue Fielder ipi. NZE121 ya gia nne inatumia ATF (oili ya gia boksi la otomatiki) aina ya T-IV. Nyingi za NZE141 zilizofuata ni CVT, yaani gia boksi la mkanda lisilo na hatua za gia, na CVT ina kimiminika chake. Ukiweka T-IV kwenye CVT unaua mkanda wa chuma ulio ndani. Soma kibao cha aluminiamu kilicho kwenye bodi ya gari, na pia maandishi yaliyochongwa kwenye stiki ya gia boksi. Usinunue kwa jina la gari.

Kama ni ya gia nne, pima ifuatavyo. Tembea dakika 20 ipate moto, simama mahali tambarare, injini ikiwaka peleka lever P hadi L na kurudi P taratibu, futa stiki, tumbukiza, soma upande ulioandikwa HOT. Kuchelewa kuvuta asubuhi mara nyingi ni upungufu tu wa ATF, au sili za ndani zilizokauka. Ikiwa nyekundu au kahawia isiyonuka, badilisha bila woga. Ikiwa nyeusi, inanuka kuungua na ukiisugua vidoleni ina chengachenga, klachi zimeanza kwisha na kubadilisha hakutazirudisha.

Ile hofu ya gia kufa baada ya kubadilisha ATF ina chanzo. Gari limeshaanza kuteleza, mwenye gari anakimbilia ATF mpya, siku chache baadaye linakufa na lawama zinaiangukia ATF. Kinachoweza kudhuru kweli ni mashine ya kusukuma kwa presha kwenye gia boksi lenye uchafu wa miaka mingi. Njia ya upole ni kumwaga kwa nati ya chini. Itatoka karibu lita 3, iliyobaki iko ndani ya konveta. Pima kilichotoka kwa chupa, rudisha kiasi hichohicho, tembea wiki, rudia. Mara tatu zinatosha kuifanya nyingi iwe mpya. Katika mara ya kwanza fungua sampu, badilisha filta na gasketi, na futa sumaku. Unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vinavyoshikika kwa vidole ni msiba. Usijaze kupita alama, ATF ikizidi inatoa povu na gia zinaanza kuteleza kwa kosa ambalo halikuwepo.

Mbele linagonga

*Vitz yangu inagonga kokoko kwenye barabara ya kokoto, fundi kabadilisha shokapu zote mbili na bado. (Dodoma)*

Pole kwa gharama za shokapu. Mlio mdogomdogo wa kugonga kwenye kokoto kwa mwendo wa polepole, ambao unapotea kwenye tuta kubwa, karibu kila mara ni linki za stebilaiza. Tairi zikiwa chini, shika linki na uitikise kwa mkono. Ukisikia mchezo, ndiyo hiyo. Njia nyingine: fungua linki zote mbili, zifunge kando kwa waya, tembea polepole mtaani. Kelele ikipotea umepata jibu bila kununua kitu.

Mlio wa tak-tak unapokata kona mpaka mwisho huku ukikanyaga mafuta ni sivi joint ya nje. Angalia buti yake, ikipasuka girisi hutapakaa ndani ya rimu. Kelele ya kuvuma inayopanda na mwendo na kuongezeka ukikata kushoto inaelekeza kwenye beringi ya kulia, kwa sababu ndiyo inayolaliwa na uzito. Mpira wa bol joint usipimwe kwa macho: nyanyua tairi, ingiza nondo chini yake, inua na kushusha.

Bushi za mkono wa chini zina kosa moja la gereji tunalolipata kila mahali. Fundi anakaza boliti gari likiwa juu ya jeki, mkono ukiwa unaning'inia. Gari likishuka mpira unapindika na kubaki umejisokota siku zote, na ndani ya miezi michache unachanika. Boliti ziingizwe kwa mkono, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Kazi ya sehemu za mbele ikiisha, gari liende kwenye alaimenti siku ileile. Nati za tairi ni Nm 103, kijana wa gereji asipande juu ya spana kwa miguu.

Pedali ya breki inazama

*Mimi ni dereva wa Noah, napita mlima Kitonga kila wiki. Nikishuka, katikati pedali inakuwa laini mpaka karibu chini. Nikipumzika kidogo inarudi kuwa ngumu. (Iringa)*

Kaka, pedali inayorudi baada ya kupoa ina maana maji ya breki yamechemka. DOT 3, daraja la kawaida la maji ya breki, ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi 205, lakini inanyonya unyevu kutoka hewani, na ikishabeba maji kiwango kinashuka hadi karibu 140. Kwenye mteremko mrefu kalipa zinafika huko. Povu la mvuke linaminyika, na pedali inazama. Ikiwa maji hayajabadilishwa kwa miaka miwili, au yamekuwa na rangi ya kahawa, ndiyo sababu.

Nunua lita 1 ya DOT 4, ambayo inachanganyika na DOT 3 na ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi 230. Nyonya yaliyo kwenye kikopo cha juu, jaza mapya, kisha toa hewa kuanzia tairi la mbali na silinda kuu. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia maana yake kushoto nyuma, kulia nyuma, kushoto mbele, kulia mbele, kila tairi mpaka yatoke maangavu bila povu. Kikopo kisikauke hata mara moja. Oili ya injini au hidroliki isiguse mfumo huu, inavimbisha sili zote.

Pima na pedi: chini ya milimita 3 badilisha, hasa kwa njia yako. Pini za kalipa zitolewe, zisafishwe, zipakwe girisi ya silikoni. Pini iliyoganda inaifanya pedi moja iburuze na kupasha moto tairi zima. Ukishuka Kitonga zima O/D (gia ya juu kabisa), shuka na 2, kwenye makali weka L, na kanyaga kwa vipindi, uminye kwa nguvu uachie, usiweke mguu muda wote. Kama pedali inazama polepole hata gari likiwa limesimama kwenye taa na breki ni baridi, hilo ni tatizo jingine: sili za silinda kuu zimekwisha, na usilisafirishe gari hilo.

Betri mpya inakufa usiku

*Nimenunua betri mbili ndani ya mwaka. (Arusha)*

Usinunue ya tatu. Unahitaji multimita. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri nzima iliyojaa isome volti 12.6, 12.0 imekaribia kuwa tupu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, taa na AC zikiwa zimewashwa, isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya 13.5, kagua mkanda na alteneta. Juu ya 15, regyuleta inaipika betri.

Chaji ikiwa nzuri, kuna kitu kinanyonya usiku. Chomoa terminali hasi, weka multimita kwenye upande wa ampea 10 kati ya terminali na waya wake, funga milango yote, subiri dakika 30 ili vifaa vilale. Kawaida ni chini ya miliampea 50. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke, na kilicho kwenye fyuzi hiyo ndicho mwizi. Anzia kwenye vitu vilivyofungwa hapa nchini: redio, alamu, kifaa cha kufuatilia gari. Multimita ikiwa imeunganishwa hivyo usipige stata.

Kwa kifupi

*Sailensa inapanda na kushuka, kompyuta inasoma P0171.* Injini inapata hewa isiyohesabiwa. Kabla ya kununua sensa yoyote, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye hozi na gasketi za manifoldi injini ikiwaka. Sailensa ikibadilika, hapo ndipo panapovuja. Usitumie petroli kwa jaribio hili kama wanavyofanya wengine. Kisha safisha sensa ya hewa kwa spreyi yake maalumu, bila kuigusa kwa kitambaa wala brashi, na uangalie presha ya pampu ya mafuta.

*Linamisi likipanda mlima, fundi anataka koili nne.* Moja ndiyo imekufa, kama zimekufa. Namba P0301 hadi P0304 inataja silinda. Hamisha koili ya silinda hiyo kwenda nyingine. Kosa likihama nayo, nunua hiyo moja. Lisipohama, toa plagi: kwenye injini za 1NZ na 2NZ mwanya ni milimita 1.1, na mkazo wake ni Nm 18 tu. Tundu la plagi likijaa oili, badilisha gasketi ya kava na mipira ya matundu kwanza, la sivyo koili mpya itaungua vilevile.

*Tairi za mtumba zina kashata (meno) nzuri, je, ni salama?* Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira wa umri huo unaweza kuwa na nyufa hata kashata ikiwa ndefu. Kwa safari ndefu na mzigo usiuweke mbele wala nyuma.

*Corolla 110 yenye 4A-FE, mkanda wa taimingi ukikatika valvu zitapinda?* Kwa injini hiyo hazipindi. Gari litazima tu hapohapo ulipo. Mkanda ubadilishwe kila kilomita 100,000, pamoja na tenshena na sili za kranki na kamshafti, na pampu ya maji kama imeanza kutoa tone, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ileile. Kabla ya kuwasha zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili na urudie kuangalia alama.